Mashine Haizijui Sura Zetu Mpaka Ifundishwe

Maalim wetu wa chuoni kule Mombasa alikuwa na tabia moja ambayo sisi watoto tuliiogopa kuliko bakora yake. Ukimaliza kuandika ubaoni, hakuanza kwa kusoma ulichoandika. Aliuinua ubao mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, kisha akayatafuta yale matundu madogo yaliyomo ndani ya herufi: jicho la wau, jicho la fe, jicho la kafu. Wino wetu ulikuwa wa masizi, na mtoto akiuchovya kupita kiasi ulitambaa ubaoni ukayaziba matundu hayo. "Umeipofua," angesema, na ubao mzima ukafutwa. Herufi iliyozibwa jicho, alituambia, humfanya msomaji asome neno jingine.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, nami sikudhani ya kwamba ningekuja kulikumbuka jicho la wau katika mtaa wa Makina, Kibera, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mambo niliyoyaona huko, na baadaye Kawangware, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

BABA WAWILI WASIO BABA

Nilikwenda Makina kumjulia hali mzee mmoja wa Kinubi ambaye alifanya kazi ya reli pamoja na marehemu baba yangu. Umri wake umepita miaka thamanini na macho yake yamefifia, lakini ulimi wake ungali mkali. Baada ya salamu na chai ya tangawizi aliagiza aletewe bahasha, akaniwekea mapajani picha tatu.

Ya kwanza ilikuwa picha ya asili. Ni ndogo kama kiganja, kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno, na karatasi imeanza kugeuka rangi ya chai. Marehemu baba yake amesimama mbele ya nyumba ya udongo amevaa sare za King's African Rifles. Alikuwa amerudi kutoka Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana dhidi ya Wajapani katika vita vikuu vya pili. Nyuma yake mlango uko wazi, na ndani ya mlango ni giza.

Ya pili ilitengenezwa na kijana mwenye saiba. Aliipiga ile picha ndogo kwa simu yake, akaitia kwenye kompyuta, akaichapa kwa ukubwa wa ukurasa juu ya karatasi ya kawaida. Vifungo vya shaba vilionekana. Kola ilionekana. Uso haukuwapo. Pale palipokuwa na uso palikuwa na doa jeusi lenye umbo la kichwa, kama mtu aliyezibwa jicho la herufi.

Ya tatu ilikuwa kazi ya mjukuu, aliyetaka kumfurahisha babu yake. Aliitia picha katika programu moja ya simu inayojigamba kwamba husafisha picha za kale. Hapo uso ulikuwapo, tena ulikuwa laini kama sahani. Ngozi ilikuwa nyeupe kiasi cha Mwarabu wa Shihiri, pua imechongoka, na macho yalikuwa ya mtu ambaye hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyemjua.

"Hii ya kwanza imemzika baba yangu, mwanangu," mzee aliniambia. "Na hii nyingine imeniletea baba wa mtu mwingine. Wewe ni mtu wa magazeti. Je, hakuna njia ya katikati?"

Msomaji asidhani kwamba mzee huyu alikuwa akilia kwa ajili ya urembo. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na serikali ya kikoloni, wakapewa mahali hapo pa kukaa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe la Kibera limetokana na neno lao, kibra, maana yake pori. Hata hivyo kwa miaka mingi walikaa katika ardhi hiyo bila hati, na vijana wao walikuwa wakiulizwa maswali zaidi ya wenzao kila walipokwenda kuomba kipande. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi nchini Kenya walikuwa wamenyimwa haki yao ya uraia. Mwezi wa Juni 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mwaka ule ule wa 2011 mpiga picha wa Marekani, Greg Constantine, alitoa kitabu kuhusu Wanubi wa Kenya, ndani yake mkiwa na picha za kale zilizotoka katika masanduku ya familia. Watu walioulizwa kwa muda mrefu wametoka wapi huzitunza picha za baba zao kama wengine wanavyotunza hati za mashamba. Picha iliyopoteza uso ni shahidi aliyekatwa ulimi.

MASHINE HAINA KIJIVU

Nilirudi nyumbani nikiwa na bahasha ya mzee kwapani na swali lake kichwani. Kabla sijakueleza nilikokwenda kutafuta jibu, sina budi kukueleza kwa ufupi picha nyeusi na nyeupe huchapwaje, maana wengi wetu hutumia mashine hizi kila siku bila kujua zinatufanyia nini.

Kompyuta huihifadhi picha ya namna hii kwa hesabu. Kila kituo kidogo cha picha hupewa namba kutoka 0 mpaka 255: 0 ni weusi mtupu, 255 ni weupe mtupu, na zote zilizo katikati ni kijivu. Basi kuna ngazi 256 kutoka usiku hadi mchana.

Tatizo ni kwamba mashine nyingi za kuchapia zilizo katika saiba zetu hazina wino wa kijivu hata tone. Zina wino mweusi tu, na karatasi nyeupe. Ili kumdanganya mtazamaji, mashine hurusha nukta nyeusi ndogo sana. Zikiwa chache na mbalimbali, jicho huona kijivu chepesi. Zikisongamana, jicho huona kijivu kizito. Hiyo ndiyo hila ya magazeti tangu enzi za risasi na klishe, na mimi nimekula mkate wangu ndani ya hila hiyo.

Sasa, wino ni maji, na karatasi hunywa maji. Nukta ikitua hutambaa, kama wino wetu wa masizi ulivyotambaa ubaoni. Katika karatasi ya gazeti, nukta zilizokusudiwa kufunika nusu ya eneo huweza kuonekana zimefunika kiasi cha robo tatu. Hapo kijivu cha katikati hugeuka kijivu kizito, na kile kilichokuwa kizito huzama kabisa katika weusi. Matundu ya herufi yamezibwa.

Lingekuwa jambo dogo kama hasara hii ingegawanywa sawasawa kati ya watu wote. Lakini haigawanywi hivyo. Uso wa Mzungu aliyesimama juani hukaa katika ngazi za juu, karibu na weupe, ambako mashine ina nafasi ya kukosea bila kuonekana. Sura zetu nyingi hukaa katikati na chini ya katikati, na kivuli cha shavu, cha chini ya kofia na cha tundu la jicho hukaa chini zaidi. Huko chini ndiko mashine isiyopimwa inakoanza kufunga milango. Kwa hiyo mashine ile ile, wino ule ule na karatasi ile ile humwacha mmoja na sura yake, ikamnyang'anya mwingine.

NUSU YA NANI?

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili la ngazi. Kiasi cha mwaka 1940 Wamarekani wawili, Ansel Adams na Fred Archer, walitunga utaratibu wa kuigawa nuru katika kanda kumi na moja, kutoka sifuri mpaka kumi, ili mpiga picha ajue kabla ya kubonyeza kila kitu kitaangukia kanda gani. Kanda ya tano ndiyo ya katikati. Ajabu ni kwamba kijivu tunachokiona kuwa ni nusu hakirudishi nusu ya nuru. Hurudisha kiasi cha asilimia 18 tu. Jicho la mwanadamu limeumbwa hivyo: hulinganisha, wala halijumlishi. Katika chumba chenye mshumaa mmoja, ukiwasha wa pili utaona tofauti kubwa. Penye mishumaa mia, huo wa ziada hauonekani. Kwa sababu hiyo gizani hatua ndogo ya nuru ni jambo kubwa, na fundi anayeipuuza hupuuza mengi.

Adams aliuweka uso wa Mzungu katika kanda ya sita. Hilo halikuwa kosa, kwa kuwa aliishi kati ya watu wa namna hiyo. Kosa lilikuja pale viwanda vilipoyachukua mazoea ya nyumba moja vikayafanya sheria ya dunia nzima. Katika maabara za picha za rangi, kuanzia miaka ya hamsini, mafundi walilinganisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi mmoja wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Shirley akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imesimama sawa. Lorna Roth, mwanachuoni wa Kanada aliyeichunguza habari hii, aliambiwa na waliokuwa kiwandani kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyosukuma filamu zitengenezwe upya yalikuwamo ya wenye viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao, ambao rangi zao za kahawia hazikutofautiana pichani. Kahawia ya chokoleti ilitetewa kabla ya kahawia ya binadamu.

Wala usifikiri kwamba anayechapa ni mtumishi tu asiye na sauti. Mtazame Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Picha alizowachapia wateja wake katika miaka ya hamsini zilikuwa ndogo, nyingi za sentimita 13 kwa 18. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji, na baadaye, alipotafutwa na kupatikana, filamu zake zilichapwa upya Ulaya kwa ukubwa wa ukutani, weusi na weupe ukiwa umekazwa. Zilipendwa na ziliuzwa kwa fedha nyingi. Hata hivyo wajuzi walibishana: je, huu ndio weusi alioukusudia Keïta, au ni weusi wa mchapaji? Filamu ni moja, lakini mwenye kushika ngazi za kijivu ndiye aliyeamua watu wa Bamako waonekane vipi.

FUNDI WA KAWANGWARE

Niliyemwendea ni kijana mwenye kibanda cha kuchapia Kawangware, kando ya Naivasha Road, mahali ambapo makanga huita "Hamsini na Sita" tangu asubuhi hadi usiku. Huchapa barua za kuomba kazi, nakala za vipande, mitihani ya shule, na zaidi ya yote vijitabu vya matanga, ambavyo familia huwagawia waombolezaji siku ya mazishi. Kijitabu cha rangi ni ghali, hivyo watu wa kipato kidogo huchapa nyeusi na nyeupe.

"Mzee, mimi nilifundishwa na mama mmoja," aliniambia. "Alikuja kuchapa vitabu mia mbili vya mazishi ya kijana wake. Nikachapa, nikafunga, nikampa. Baada ya saa moja akarudi. Hakunigombeza. Alifungua kimoja, akaniuliza: mwanangu yuko wapi hapa? Nikatazama. Shati jeupe lilikuwapo, mzee. Kijana hakuwapo."

Alimrudishia fedha zake, na usiku ule hakulala. Tangu siku hiyo alianza kujifunza jambo ambalo mafundi wa picha duniani hulijua, lakini katika vibanda vyetu halitajwi: kuipima mashine na kuisawazisha. Alinionyesha hatua kwa hatua, nami naziandika hapa kwa kuwa si siri.

Kwanza, hupunguza mwanga wa kioo cha kompyuta. Vioo vingi huwashwa mpaka mwisho, na kioo kinachong'aa mno humdanganya fundi: picha huonekana angavu, fundi akaridhika, kumbe kwenye karatasi itatoka nzito. Yeye hushika karatasi nyeupe kando ya kioo, akapunguza mwanga mpaka weupe wa kioo ukaribiane na weupe wa karatasi.

Pili, huchagua karatasi moja na kushikamana nayo. Kila karatasi ina kiu yake. Katika karatasi ya kawaida ya ofisi, weusi wa mwisho kabisa bado hurudisha kiasi cha sehemu moja kwa ishirini ya nuru. Karatasi nzuri isiyong'aa ikitiwa wino mzuri hushuka mpaka kama moja kwa arubaini, na ile ya kung'aa hupita moja kwa mia. Basi kipimo cha karatasi moja hakifai kwa nyingine.

Tatu, huchapa ngazi: mstari wa vyumba 21, kutoka weupe wa karatasi hadi wino kamili, kila chumba kikizidi kilichotangulia kwa asilimia tano. Alinitolea utepe wa kwanza aliowahi kuuchapa, ambao ameubandika ukutani kama mtu anavyotundika cheti. Nilihesabu kwa kidole. Kutoka chumba cha kumi na sita hadi cha ishirini na moja hapakuwa na vyumba, bali ukuta mmoja mweusi. "Pale ndipo nilipomfukia yule kijana," alisema.

Nne, huuacha utepe ukauke mpaka kesho yake, maana wino mbichi hausemi kweli. Kisha huupima. Chombo cha kiwandani cha kupima weusi ni ghali kwa mwenye kibanda, hivyo yeye hutumia skana ya bapa. Huuweka utepe wake kando ya utepe wa kijivu wa kiwandani, ambao weusi wa kila chumba chake unajulikana, akaziskani zote mbili kwa pamoja na kuzima marekebisho yote ambayo skana hupenda kuyafanya bila kuombwa. Namba anaziandika katika daftari la shule.

Tano, huandika masahihisho. Ikiwa chumba cha nusu kimetoka kizito kama cha robo tatu, anaiamuru mashine ipunguze wino hapo. Ikiwa wino wa mwisho umekuwa dimbwi lisiloongeza weusi, anaweka kikomo, kisha nafasi iliyobaki anaigawa kwa hatua zilizo sawa machoni. Huchapa tena, hukausha tena, hupima tena. Mara mbili au tatu zinatosha, nao utepe hutoka ukiwa na vyumba 21 vinavyohesabika, kila kimoja na mlango wake.

Nilipomsikiliza nilicheka moyoni, kwa kuwa kazi hii mimi ninaijua kwa jina jingine. Sisi watunzi huiita mizani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na mtungaji anayeongeza silabi mbili kwa kuwa zimemjia mdomoni huona mwimbaji akijikwaa papo hapo. Mizani haimpi mtunzi maneno. Humzuia tu asiyasonge. Kadhalika mizani ya fundi huyu haiongezi sura katika picha, kama vile mizani ya mchinjaji isivyoongeza nyama. Inazuia tu tusiibiwe kile kilichokuwamo.

Jambo la mwisho aliloniambia ndilo lililonipendeza zaidi. Baada ya utepe kunyooka, huchapa ukurasa wa majaribio wenye sura nne za majirani waliomruhusu: mwanamume mweusi sana kutoka Turkana, mama wa maji ya kunde, mtoto mchanga, na dada mmoja mwenye ualbino. Nywele za yule mwanamume lazima zitengane na paji lake. Mikunjo ya blauzi nyeupe ya yule dada lazima ionekane. Wanne wote wakitoka walivyo katika ukurasa mmoja, mashine imesimama sawa. "Hii ndiyo Kawangware yangu," alisema. Naam, nikamkumbuka Shirley, nikaona kwamba kijana huyu wa kibandani alikuwa ametengeneza kadi yake, tena pana kuliko ile ya kiwandani.

MLANGONI PALIKUWA NA MTU

Nilitoa ile picha ndogo kutoka katika bahasha. Fundi hakuipiga kwa simu. Aliilaza kwenye skana, akaisoma kwa kina cha ngazi nyingi zaidi ya zile 256, ili atakapozivuta zisikatike kama ngazi za udongo mvuani. Hakusafisha ngozi, hakuchonga pua. Alipunguza kidogo umanjano wa karatasi, akaichapa kwa karatasi isiyong'aa ambayo mashine yake imeizoea. Nilirudi siku ya pili yake kuichukua. Aliitoa nje mlangoni tuitazame juani, kisha akairudisha ndani tuitazame chini ya taa, kwa kuwa kijivu kilichochanganywa na wino wa rangi huweza kuwa cha kawaida ndani na cha kijani nje. Hiki kilikuwa kijivu kote kuwili.

Askari alikuwa na uso. Chini ya ukingo wa kofia palikuwa na macho mawili yaliyochoka. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu.

Niliipeleka Makina jioni ile. Mzee aliishika karibu sana na uso wake, akageukia dirisha, vile vile kama maalim wangu alivyofanya na ubao. Alipitisha kidole juu ya kovu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole chake kikaendelea kuteleza, kikapita bega la askari, kikafika kwenye ule mlango wenye giza. Hapo kikasimama.

Ndani ya mlango, katika kile ambacho mimi na fundi tulikidhani kivuli, alikuwamo mtoto wa kike wa kiasi cha miaka minne, ameshika mwimo kwa mkono mmoja. Katika picha ndogo ya asili alikuwamo pia, lakini mdogo kama punje ya mtama, kijivu juu ya kijivu, na macho ya mzee yalikuwa yameacha kumfikia. Katika nakala ya saiba alikuwa amezikwa ndani ya wino. Katika ile ya programu ya simu, mahali pake palikuwa pamepakwa ubao wa mlango uliobuniwa tu.

Mzee alikaa kimya kwa muda. Halafu akamwita binti yake aliyekuwa jikoni.

"Njoo umtazame shangazi yako," alisema.

Mtoto yule, niliambiwa, alikuwa dada yake. Alifariki kwa surua kabla ya kuanza kwenda chuoni, na pale nyumbani hakuna picha nyingine yake.

NENO KWA WENYE VIBANDA

Sitaki kuirefusha hadithi hii kupita kiasi chake. Ninataka tu kusema na wenye vibanda wa Kibera, wa Kawangware, na wa kwetu Mombasa na Lamu, ambako marehemu Omar Said Bakor aliendesha studio yake miaka mingi, na ambako sanduku la kila nyumba lina picha za mabibi waliovaa buibui jeusi mbele ya pazia jeusi. Picha hizo sasa zinaskaniwa na vijana wetu kwa mamia. Wanaoziharibu hawana nia mbaya. Wanaiamini mashine, na mashine huja kutoka dukani ikiwa haijui itachapa sura za nani wala juu ya karatasi gani.

Msikubali kuambiwa kwamba picha ya mtu mweusi haitoki vizuri. Hilo ni sawa na kusema kwamba kilo ya sukari haitoshi kilo. Kagueni mizani kwanza. Wala dawa ya weusi uliozama si kumpaka mtu weupe. Huko ni kuziba jicho la herufi, kisha kuandika herufi nyingine juu yake. Utepe wa vyumba 21 unachapwa katika karatasi moja ambayo mteja hutozwa shilingi kumi. Daftari na subira kila mtu anazo.

Nami kwa kuwa ni mtu wa mizani ya aina nyingine, ninafunga kwa ubeti mmoja nilioutunga ndani ya matatu nikirudi kutoka Makina:

Weusi si wa umoja, ngazi zake ni kadhaa,
Zipime moja kwa moja, kwa mizani na kwa taa,
Uso una yake haja, usizame kwa hadaa,
Aliyekaa kungoja, nuru itamzagaa.